Bei Ilikuwa Nzuri: Wasifu wa Marehemu Norman Edwin Airey wa Crosthwaite

Wasifu huu unasomwa na binti wa marehemu, Lorna, katika kanisa la Crosthwaite, leo Ijumaa tarehe 10 Novemba 2017. Ni wa pili kuandikwa. Wa kwanza ulikuwa mzuri mno: ulimsifu marehemu kuanzia kofia hadi viatu, na ulipofika mwaka 1994 ukauruka kama dimbwi la njiani. Mama Hilda aliusoma amesimama jikoni, akaurudisha mezani, akasema, "Huyu mnayemzika humu mimi simfahamu. Niandikieni mume wangu." Basi waliokuja kusikia sifa tupu watuvumilie. Familia imeona haya kuyaandika yafuatayo, na inaona haya zaidi kuyasoma mbele ya watu waliotubeba tukiwa wachanga, lakini mama hataki kumzika mtu nusu.

Marehemu Norman Edwin Airey alizaliwa tarehe 9 Machi 1941 hapa hapa Crosthwaite, bonde la Lyth, akiwa mtoto wa pili na wa mwisho wa Edwin na Sarah Airey. Baba yake alikuwa mfanyakazi wa barabara za wilaya. Mama yake alifua nguo za watu, na kila Septemba alichuma damson katika mashamba ya jirani, yale matunda madogo meusi yenye ugwadu ambayo kila aliyemo humu ndani amewahi kuyachuma hadi mikono ikachanika. Nyumbani kwao hapakuwa na gari wala farasi. Palikuwa na baiskeli moja, na juu ya baiskeli hiyo Edwin alimpakia mwanawe Jumatatu ya Pentekoste, mwaka 1949, wakaenda mbio za Cartmel. Edwin alitaka kuona watu tu. Norman watu hakuwaona kabisa. Alijibana kwenye uzio wa uwanja mdogo ambamo farasi huzungushwa kabla ya mbio, akaitazama miguu yao ikipita, hata ikabidi baba yake amvute kwa kola wakati wa kuondoka. Alifika nyumbani hasemi, mama yake akamsugua dawa ya kifua akidhani homa inamjia.

Alisoma shule ya msingi ya kijiji hiki, kisha sekondari mjini Kendal hadi Julai 1956. Hakuwa mwanafunzi wa kutajwa siku ya zawadi. Hata hivyo dada yake Edith, aliyeketi hapa mbele, anakumbuka jinsi alivyokipata kisu cha kukunja cha mvulana mmoja wa Underbarrow. Kila asubuhi mvulana alikitoa kisu chake, wenzake wakakigombania kwa pipi na gololi, naye Norman akasimama kando, mikono mfukoni, akiangalia mawingu. Wenzake walipochoka, mwenye kisu alimfuata mwenyewe.

"Wee Norman, kwani hukitaki?"

"Kisu gani?"

Akakipata kwa bei ya kutupa. Edith anasema siku ile alicheka mpaka akashika mbavu, akaona mdogo wake ni hodari kuliko wote. Katika kuandika haya aliulizwa kama kisa hiki kiingizwe, akafikiri sana, akasema kiingizwe, kwa sababu mambo yalianzia pale.

Agosti 1956 aliingia gereji moja mjini Kendal kujifunza umakanika, na mwaka 1968 akafungua gereji yake mwenyewe Levens, kwenye kibanda cha mabati chenye jeki moja na birika la chai. Kwa miaka mingi alinunua magari yaliyochoka ya wakulima akayauzia wakulima wengine. Biashara iliyompa jina ilianza mwaka 1990, alipoanza kuleta magari ya mtumba kutoka Japani, yale ya kupanda milima, yenye usukani upande wetu na bodi ambayo haijawahi kuonja ile chumvi ya kuyeyushia barafu barabarani kwetu, inayokula bati. Mtu ambaye hakuwahi kulala mbali zaidi ya Perth ya Uskoti alipanda ndege kwenda Yokohama mara mbili kwa mwaka. Alikaa kwenye kumbi za mnada kati ya wanunuzi wa dunia nzima, kidole juu ya kitufe cha kuongezea bei, asikibonyeze mpaka wote wamejionyesha na kuanza kupiga miayo. Aliwaambia vijana wake wa gereji kwamba kazi yote ni kutoonyesha unakitaka kitu. Mengine ni kuosha gari tu.

Mwanzoni wakulima walimcheka. Magari yalikuja na mapazia madirishani, na mengine yalitoa sauti ya mwanamke wa Kijapani kila yalipowekwa rivasi. Wat Birkett, mfugaji wa kondoo ambaye bonde zima linamjua kwa mdomo wake, alilirudisha la kwake baada ya wiki.

"Norman, chukua gari lako."

"Lina nini, Wat?"

"Lina mwanamke."

"Mwanamke gani tena?"

"Yumo huko nyuma. Kila nikirudi rivasi ananisemesha. Mbwa amegoma kupanda, na mke wangu ameanza kuniuliza maswali."

"Anakwambia uangalie usigonge kitu, bwana. Anakujali."

"Basi atakuwa wa kwanza," Wat akasema, akaliwasha, akarudi nalo nyumbani. Gari hilo linatembea hadi leo, na mwanamke yumo.

Baada ya miaka michache hapakuwa na bonde kati ya Kendal na Shap lisilo na gari la Airey. Na hili lisemwe bila kusitasita: katika magari hakumdanganya mtu. Gari likiwa na kasoro, alikuonyesha kasoro kwanza, halafu rangi. Mama amesisitiza hili liandikwe kabla ya lile la mwaka 1994, ili watu wajue kwamba mtu anaweza kuwa mkweli kazini wiki nzima halafu akashindwa kusema sentensi moja.

Mapenzi yake makubwa yalikuwa mbio za farasi. Siku za mbio alining'iniza kibao mlangoni pa gereji, "Tumekwenda kumwona mgonjwa," na hapakuwa na mteja asiyejua kwamba mgonjwa yuko Cartmel, au Carlisle, au Kelso. Hakuwa mcheza kamari. Aliweka kidogo sana, kwa adabu tu, kama mtu anayenunua chai ili apate mahali pa kukaa. Alichokipenda ni kusimama kwenye uzio farasi wakizungushwa, kumtambua huyu kwa mama yake na yule kwa babu yake, na kuwasemesha kwa sauti ya chini ambayo mkewe anakiri hakuisikia sana nyumbani.

Tarehe 14 Juni 1969, ndani ya kanisa hili, alifunga ndoa na Hilda Relph, binti wa Isaac Relph wa shamba la High Tarnside, Kentmere. Walikutana Hilda alipoleta gari la baba yake lililokuwa likivuta trela. Norman hakuuliza gari lina tatizo gani. Aliuliza ni farasi wa nani yumo kwenye trela. Hilda husema yeye alichumbiwa wa pili. Mwaka 1972 wakampata binti yao wa pekee, Lorna. Kwa ndoa hiyo Norman alipata pia kile ambacho hakuwa nacho, mdogo wa kiume, maana Joss, mdogo wake Hilda, aligandamana naye tangu siku ya harusi. Walikwenda mbio pamoja, wakagombana juu ya farasi njia nzima ya kurudi, wakaingia jikoni bado wanagombana. Joss ndiye aliyekuwa mtu wa kwanza Kentmere kununua gari la Japani, ili watu waache kumcheka shemeji yake.

Mzee Isaac alifuga kondoo wa milimani na, sikuzote, farasi jike mmoja. Mwaka 1988 yule wa mwisho alikufa akizaa. Mtoto alibaki, jike, rangi ya damson iliyoiva, na jina likawa hilo. Isaac na Joss walimlea jikoni kwa chupa ya maziwa ya mbuzi, wakipokezana kulala sakafuni karibu naye. Isaac alipofariki Novemba 1991 shamba lilikwenda kwa Joss na Damson akaenda kwa Hilda, kwa sababu mumewe ndiye mwenye uwezo wa kumkimbiza. Mzee hakuacha masharti mengi. Alisema tu farasi asitoke kwenye ukoo.

Damson alikuwa na moyo mkubwa na miguu mizito. Norman alimpeleka kwa mkufunzi karibu na Penrith, akamkimbiza mbio za kuruka viunzi huku na kule, na kila mara alifika amechoka na amechelewa, masikio yamesimama kwa furaha. Mwishowe, vuli ya mwaka 1994, Norman akaamua kumwingiza katika mbio za kuuzwa. Katika mbio hizo, ambazo ni za farasi wa hali ya chini, mshindi hunadiwa palepale kabla jasho halijakauka, na mwenyewe akimtaka lazima amnunue kama mtu mwingine yeyote. Kwenye viwanja vidogo vya kwetu ilikuwa ni uungwana kwamba mtu mwenye farasi wake mmoja tu akiinua mkono, wengine hunyamaza wakamwachia. Lakini lazima ainue mkono.

Joss aliposikia alishuka kutoka Kentmere siku hiyohiyo.

"Shemeji, usimwingize huko."

"Hakuna mbio nyingine anayoweza kushinda, Joss. Mwache ashinde mara moja tu, mzee afurahi huko aliko."

"Na akinunuliwa?"

"Na nani? Mimi watu wa dunia nzima nawachosha kule Yokohama, nije nishindwe na mnada wa kwenye majani?"

"Yokohama unanunua vyuma."

"Hebu acha uoga. Nitamrudisha. Mkono huu hapa."

Wakapeana mikono, Hilda akiwa amesimama pale na kitambaa cha vyombo begani, akiwa shahidi bila kuombwa.

Mbio zilikuwa Jumanne, tarehe 18 Oktoba 1994, kwenye uwanja ambao jina lake halijatajwa nyumbani kwa Airey tangu siku hiyo, na halitatajwa leo. Joss alikuwa na mnada wake wa kondoo dume. Hilda alibaki nyumbani. Norman alikwenda peke yake na trela, na mvua ikanyesha, na Damson, ambaye hakuwahi kushinda kitu chochote tangu azaliwe, akashinda kwa urefu wa shingo tu. Waliokuwapo wanasema Norman alilia waziwazi. Alimkumbatia mpanda farasi, akamkumbatia mkufunzi, akambusu farasi puani.

Kisha dalali akapanda jukwaani. Mtu mmoja asiyejulikana, mwenye kofia ya kijani, akataja bei ya kwanza. Norman alimweleza mkewe baadaye kwamba mikono yake iliingia mfukoni yenyewe. Miaka yote ya kazi yake ilimwambia asubiri, amwache huyo wa kofia adhani hakuna mwingine anayemtaka, halafu ampige dakika ya mwisho. Akainua uso akatazama mawingu. Kwenye minada ya magari dalali huita, akaita tena, akabembeleza, akatania, akaita. Huyu alikuwa amelowa, na farasi wa mbio inayofuata walikuwa wameshafika mlangoni. Alizungusha macho mara moja, akamwangalia mwenye farasi mwenyewe, akaona mtu anayesoma hali ya hewa. Akaelewa kama ambavyo yeyote angeelewa, akagonga nyundo.

"Bado mimi!" Norman akasema.

"Bado wewe nini, bwana?"

"Farasi ni wangu."

"Alikuwa wako," dalali akasema, wala si kwa ubaya.

Yule wa kofia ya kijani alimfuata. Alikuwa muungwana, na hili nalo mama ametaka lisemwe.

"Kumbe ulikuwa unamtaka? Mbona hukuinua mkono?"

Norman akaitoa mikono mfukoni.

"Sikiliza," yule mtu akasema, "mimi nimemnunulia bibi mmoja wa Herefordshire. Kama ni farasi wa nyumbani, ngoja nimpigie simu nimweleze. Ni mtu wa kusikia, huenda akakuachia. Nimpigie?"

Neno lililohitajika hapo lilikuwa moja, na lilikuwa limeshafika mdomoni. Wakati huohuo Wat Birkett akatokea na wenzake wawili wa hapa bondeni, wamekuja kumpongeza, nyuso nyekundu kwa furaha. Wat akaona kamba ya Damson iko mkononi mwa mgeni.

"Kha! Norman! Umemuuza? Damson wa Isaac?"

Norman aliwaangalia. Wote watatu walikuwa wamenunua magari kwake. Wote watatu walikuwa wamesimulia baa nzima jinsi Airey wa Levens anavyowashinda Wajapani kwao. Ili Damson arudi, ilimbidi aseme mbele yao kwamba ameshindwa mnada wa farasi wake mwenyewe kwa sababu ya ujanja wake mwenyewe, halafu aombe.

"Bei ilikuwa nzuri," akasema.

Yule wa kofia ya kijani alisikia. "Ah, kumbe," akasema, akaikaza kamba, akamwongoza Damson hadi kwenye lori. Wat yupo kanisani leo, na familia inamwomba asijilaumu hata kidogo. Aliuliza swali ambalo mtu yeyote angeuliza.

Hilda alikuwa langoni na ndoo ya pumba za moto za kumlisha Damson. Alijua kabla gari halijasimama, kwa kuwa trela tupu hurukaruka kwenye mashimo. Norman aliingia jikoni na koti lake la mvua, akamwambia yote, bila kupunguza hata moja. Mama anasema hakuwahi kumheshimu kama saa ile, na ilikuwa saa moja tu.

"Sasa nenda ukamwambie Joss," alimwambia. "Leo hii."

"Kesho."

"Kesho atakuwa ameshasikia kwa Wat."

"Basi asikie nimemuuza. Aniite mwenye tamaa. Siwezi kuitwa mjinga bonde zima, Hilda, mimi nauza magari hapa."

"Mjinga angesamehewa, Norman."

Norman alimwapisha Hilda asimwambie mdogo wake, naye kwa hasira na kwa mapenzi, yote mawili, akaapa. Jumapili ikafika, na Joss akafika nayo. Uani pa gereji palikuwa na wateja na vijana wa gereji. Joss hakupaza sauti.

"Ni kweli, shemeji?"

"Biashara, Joss. Ndivyo ilivyo."

Joss akatia mkono mfukoni, akatoa funguo za gari lake la Japani, akaziweka juu ya boneti. "Hii nayo ni biashara," akasema. Akageuka, akaondoka kwa miguu kuelekea Kentmere, na kila aliyesimamisha gari kumpa lifti alikataliwa. Toka siku hiyo hakumwita Norman shemeji. Harusini kwa Lorna, mwaka 1998, alikaa benchi la mwisho na akaondoka kabla ya chai. Lorna anayesoma haya alimwona baba yake akimtazama anavyotoka, akadhani ni kiburi kinachomzuia kumfuata. Hakujua kwamba ni aibu, maana kwa mbali vinafanana sana.

Masika ya 1995 Norman alimtafuta Damson akampata Herefordshire. Aliomba, safari hii aliomba kweli, lakini bibi mwenyewe alisema wajukuu zake wameshamzoea, na huwezi kumnyang'anya mtoto farasi. Tangu hapo kila alipokwenda bandari ya Bristol kuchukua magari alipitia njia ile akasimama kwenye uzio. Hilda alijua, kwa sababu alirudi na manyoya ya farasi kwenye mkono wa koti.

"Basi angalau mwambie Joss kwamba yuko hai, ana majani na watoto wanampenda," alimwambia.

"Nikimwambia hilo, itabidi nimwambie na lile."

Damson alikufa mwaka 2012, mzee, amelala malishoni. Norman aliambiwa kwa simu. Alikwenda kibandani kwake, akarudi mezani ameosha uso, akauliza kama kuna viazi. Hakumiliki farasi mwingine, ingawa walimfuata wengi wakitaka washirikiane. Mbio za Cartmel hakuzikosa mwaka wowote, ila hakuingia tena uwanjani. Alipanda kile kilima kilicho nje ya uzio, wanapokaa watoto na watu wasio na tiketi, akatazama kutoka huko. Watu walisema Airey amekuwa bahili uzeeni. Aliwaacha waseme.

Februari 2017 aligundulika ana saratani ya kongosho. Alitibiwa Lancaster kwa uangalizi mwema, na mwezi Septemba akaomba arudishwe nyumbani. Kitanda kiliwekwa sebuleni ili aone barabara na kuhesabu magari yake yakipita, jambo alilolifanya kwa sauti hadi wauguzi wakazijua aina zote. Jumapili, tarehe 29 Oktoba, Joss alibisha mlango. Alikuwa amevaa koti la kanisani. Hakuwa ameingia nyumba ile tangu 1994. Alisimama kwenye kizingiti cha sebule, akazungushazungusha kofia yake mikononi, akamwangalia mgonjwa aliyefumba macho.

"Amelala?"

"Amelala," Hilda akasema.

"Nilitaka kumwona tu, dada. Basi."

Akasimama kidogo zaidi. Kisha akaondoka, na chai hakunywa. Mlango ulipofungwa Norman alizungumza bila kufungua macho.

"Ameenda?"

"Ameenda."

"Angekaa kidogo tu ningefungua macho."

"Usingefungua, Norman."

Machozi yalikuwa yameshaingia masikioni, na Hilda akayafuta kwa ncha ya shuka, kwa ukali kidogo, anavyokiri mwenyewe.

"Nimeona haya mno," akasema. "Ile aibu ya mnada ningeimeza. Hii ya kunyamaza ndiyo imenikaba. Mwambie wewe. Lakini baadaye."

"Baada ya nini?"

"Unajua baada ya nini."

Alifariki Alhamisi, tarehe 2 Novemba 2017, asubuhi, nyumbani kwake, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa mkewe. Alikuwa na umri wa miaka sabini na sita.

Ameacha mke wake Hilda. Binti yake Lorna na mumewe Clive. Wajukuu wawili, Bryony na Miles. Na dada yake Edith wa Ulverston. Ameacha pia shemeji. Tumeliandika neno hilo baada ya kumuuliza mama mara mbili, na mara zote mbili alisema liandikwe.

Joss, farasi wa baba yako hakuuzwa kwa kupenda pesa. Shemeji yako alimpoteza kwa ujanja wa kijinga, akapata nafasi ya kumrudisha akaitupa kwa kuogopa kuchekwa, halafu akakuacha umchukie miaka ishirini na mitatu kwa kosa ambalo hakulifanya, kwa sababu lile alilolifanya lilimuumbua zaidi. Jumapili ile hakuwa amelala. Alikusikia. Dada yako anaomba radhi kwa kukwambia amelala, na kwa kiapo kile, ambacho anasema asingekitoa kama angejua kitadumu hivyo.

Kama ilivyo desturi ya bonde hili, jeneza litabebwa kwa mikono kutoka hapa hadi kaburini. Wabebaji wameandikwa upande wa nyuma wa karatasi hii. Kona ya mbele kulia ina jina la Joss Relph, ambaye hakuulizwa, kwa sababu mama alisema akiulizwa atakataa na akikataa hatabadilika. Kama hatasimama hakuna atakayemlaumu; Clive na wenzake wanne watabeba, marehemu alikuwa amepungua sana. Lakini mama ameomba kinanda kisianze kwanza, na wabebaji wasimame mahali pao, na kona ile iachwe wazi, na sote tukae kimya kwa muda ambao Joss atauhitaji kuamua.

Norman Airey apumzike kwa amani. Hana tena la kuficha.